Bibi Mary Leakey, Mchoraji wa Mifupa

Sisi tulio na mkono wa kuchora huulizwa na wazee wetu, hapa Bwera na kule Kasese, kama picha zitatulisha. Swali hilo si baya. Basi leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za mwanamke aliyeanza maisha yake kwa penseli tu.

Mary Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Baba yake alikuwa mchoraji, akisafiri Ulaya pamoja na mkewe na mtoto. Huko Ufaransa Mary aliona mapangoni picha zilizochorwa na watu wa kale. Mwaka 1926 baba akafariki. Mama akampeleka binti katika shule za masista, na mbili zikamfukuza; siku moja alijifanya amepatwa na kifafa, mdomo umejaa povu la sabuni, na siku nyingine alisababisha mlipuko katika chumba cha kemia. (Natumaini mwalimu wetu wa kemia hatausoma ukurasa huu.) Hakufaulu mtihani hata mmoja, kwa hiyo chuo kikuu kilimfungia mlango. Akaenda kusikiliza mafundisho bila kuandikishwa, na kujipatia kazi ya kuchora zana za mawe zilizofukuliwa.

Kazi hiyo si kama kuchora maua. Mchoraji haruhusiwi kupendezesha kitu. Kila kovu la jiwe lazima lionekane mahali pake, na kwa desturi mwanga huchorwa kana kwamba unatoka juu upande wa kushoto. Kwa michoro hiyo alijuana na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, aliyetaka picha za kitabu chake. Wakaoana mwaka 1936, wakaishi Kenya. Fedha zilikuwa chache, na huko Olduvai waliwahi kunywa maji ya dimbwi walimogaagaa vifaru.

Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Bibi Leakey aliona fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita. Lilikuwa vipande vipande, akaviunganisha. Kisha, tarehe 17 Julai 1959, mumewe akiwa amelala na homa kambini, alitoka na mbwa wake kutembea Olduvai akaona mfupa, halafu meno. Udongo ukachekechwa, vipande kama 400 vikapatikana, naye akaketi kutafuta kipi kinashikana na kipi. Likatokea fuvu la Zinjanthropus, lenye umri wa miaka 1,750,000 hivi.

Mchoraji wa polisi, anayeweka udongo wa mfinyanzi juu ya fuvu ili apate uso wa mtu asiyejulikana, huanzia hapo hapo: mifupa kwanza, uso baadaye. Sisi wa huku tunajua uzito wa jambo hilo. Mwezi wa Juni 2023 wanafunzi waliuawa katika shule moja huko Mpondwe, na baadhi yao waliungua hata wazazi wao hawakuweza kuwatambua. Ikabidi vingojewe vipimo vya vinasaba. Pale mchoraji hakuwa na la kufanya. Lakini tangu siku zile nimetaka kujua ni watu gani wanaomrudishia maiti jina lake, na wanajifunza wapi.

Bibi Leakey hakujifunza upesi. Mwaka 1951 alinakili picha za miambani huko Kondoa, Tanganyika, maumbo kama 1,600, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Miaka 32! Alipopewa shahada ya heshima na chuo kikuu kimoja cha Afrika Kusini mwaka 1968, aliikataa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1978 yeye na wenzake walifukua Laetoli nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zamani sana, miaka kama milioni 3.6 iliyopita. Mwaka 1982 jicho lake moja lilipofuka. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996.

Fuvu la Zinjanthropus lilikabidhiwa Tanzania mwaka 1965. Taya lake la chini halikupatikana kamwe. Wanaochora uso wake huazima taya la mwingine wa aina yake, aliloliona Kamoya Kimeu huko Peninj, karibu na ziwa Natron, mwaka 1964.