William Playfair: Mfanyabiashara aliyefilisika na kutuachia grafu

Wafanyabiashara na wasafirishaji wanaofuatilia bei kwenye grafu wanatumia kazi ya mtu ambaye biashara zake mwenyewe zilimshinda.

William Playfair alizaliwa mwaka 1759 karibu na Dundee, Uskoti, mtoto wa mchungaji. Baba yao alipofariki, kaka yake John, mwanahisabati, ndiye aliyemlea, na alimzoesha kuandika kipimo cha joto kila siku na kukichora kwa mstari. Mwaka 1777 aliajiriwa Birmingham kuchora mashine za mvuke za James Watt.

Mwaka 1786 alitoa kitabu chenye michoro 44, mingi ikihusu biashara ya nje. Mmojawapo unahusu Uingereza kwa upande mmoja na Denmaki na Norwei kwa upande wa pili, kuanzia 1700 hadi 1780. Mstari mmoja ni bidhaa zilizoingia, mwingine zilizotoka. Miaka ya 1750 mistari inapishana, na kutoka hapo Uingereza inauza kuliko inavyonunua.

Kwa Uskoti alikwama. Alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu, 1780 hadi 1781, na mwaka mmoja hautoi mstari. Basi akachora nguzo kwa kila nchi, jumla 17. Yeye mwenyewe aliona mchoro huo ni dhaifu, lakini leo nguzo hizo ziko kila ofisi. Grafu ya duara nayo ni yake, ya mwaka 1801.

Pesa hazikukaa mkononi mwake. Duka la vyombo vya fedha lilikufa, benki aliyoanzisha London ikaanguka, na madeni yakampeleka gereza la Fleet.

Mchoro unaotuhusu zaidi ni wa mwaka 1821. Wakulima walilalamika, na Playfair alitaka kujua kama kweli ngano ilikuwa ghali kwa mfanyakazi. Aliweka mambo matatu kwenye karatasi moja, kuanzia karibu 1565: bei ya ngano, mshahara wa fundi kwa wiki, na vipindi vya wafalme. Hayakuwa na vipindi sawa. Ngano aliipa nguzo za upana wa miaka mitano mitano, bila kujifanya ana bei ya kila mwaka. Kila mfalme alipewa urefu wa utawala wake. Vyote vikapimwa kwa mhimili mmoja wa miaka, kama sisi tunavyoweza kupanga bei ya mahindi ya kila gulio juu ya bei ya dizeli ya kila mwezi: dizeli ibaki ngazi bapa hadi tangazo jipya, isivutwe mshazari.

Kwenye mshahara hakuwa makini hivyo. Mstari wake unapita laini karne mbili na nusu, na msomaji hawezi kujua wapi kuna takwimu na wapi ni kalamu tu. Tena, jibu alilotafuta lilikuwa wiki ngapi za kazi zinanunua ngano, na hilo halionekani kwa macho. Ni lazima ugawe bei kwa mshahara. Alieleza kwa maneno kwamba ngano haijawahi kuwa rahisi hivyo ikilinganishwa na ujira, lakini mchoro unaonyesha nguzo ndefu za ngano, na jicho hufuata nguzo.

Alifariki London Februari 1823, akiwa maskini.