Palwankar Baloo (1876–1955): Mchezaji Kriketi na Mipaka ya Kasta

Historia ya awali ya kriketi nchini India aghalabu huanza na wana wa wafalme, Ranjitsinhji akiwa mbele yao. Palwankar Baloo hakuwa na asili hiyo. Alizaliwa Dharwad mwaka 1876 katika jamii ya Wachamar, watu wa kazi za ngozi, ambao katika mfumo wa kasta walihesabiwa najisi hata kuguswa. Baba yake alitumikia jeshi mjini Poona, na huko ndiko Baloo na mdogo wake Shivram walikojifunza mchezo kwa vifaa vilivyotupwa na maafisa.

Ajira yake ya kwanza ilikuwa kufagia na kusawazisha kiwanja cha klabu ya Waparsi kwa rupia 3 kwa mwezi. Kisha alihamia klabu ya Wazungu kwa rupia 4. Huko alitandaza nyavu, akachora mistari, na hatimaye akatakiwa awarushie wanachama mipira ya mazoezi. Inasimuliwa kwamba J. G. Greig, mpigaji hodari, alimlipa anna 8 kila alipomtoa. Kurusha aliruhusiwa kwa saa nyingi. Kupiga kulikuwa haki ya mabwana. Umahiri wake wa mkono wa kushoto, wa kurusha mpira wa polepole unaopinda baada ya kudunda, ulikomaa katika utumishi huo.

Wahindu wa Poona, walipotaka kuwashinda Wazungu, walimhitaji. Walibishana, kisha wakamwingiza kikosini. Hata hivyo, wakati wa mapumziko alipewa chai nje ya banda, katika kikombe cha udongo, ilhali wenzake walinyweshwa kwa vikombe vya kaure. Mpira uliotoka mkononi mwake waliudaka bila kusita. Kikombe alichokishika hawakukigusa. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa jinsi unajisi ulivyopimwa kwa manufaa.

Alipohamia Bombay alichezea Wahindu wa mji huo, na mwaka 1906 walikuwa pamoja, yeye na Shivram, Wahindu walipowashinda Wazungu kwa mikimbio 109. Mwaka 1911 alikwenda Uingereza na timu ya India chini ya Maharaja wa Patiala. Timu ilishindwa mara nyingi, lakini Baloo peke yake aliwatoa wapigaji 114, naye alikuwa amekwisha timiza umri wa miaka 35.

Unahodha, hata hivyo, hakupewa. Mwaka 1920 nahodha M. D. Pai alipougua, nafasi yake alipewa D. B. Deodhar, Mbrahmani aliyekuwa mdogo kwao kwa uzoefu. Shivram na ndugu yao Vithal walijitoa kwa kupinga. Walirejeshwa kwa ajili ya fainali, Baloo akafanywa makamu, na Pai akatoka uwanjani kwa muda ili Baloo aongoze. Ni Vithal aliyepata unahodha kamili, mwaka 1923.

B. R. Ambedkar, kiongozi mkuu wa jamii hizo zilizotengwa, alikuwa amemhusudu Baloo tangu ujana wake. Siasa iliwatenganisha. Mwaka 1932 Baloo alipinga dai la Ambedkar la wapigakura wa kasta hizo kuchagua wawakilishi wao peke yao, na mwaka 1937 alisimama dhidi yake kwa tiketi ya chama cha Congress katika uchaguzi wa baraza la kutunga sheria la Bombay. Alishindwa kwa tofauti ya kura zipatazo 2,000. Alifariki Bombay mwezi Julai 1955.