Maua Yalimtangulia Simba

Ukimwuliza Mkenya ye yote juu ya Bi. Joy Adamson, atakutajia simba. Atakusimulia habari za Elsa, yule mtoto wa simba aliyeanza kulelewa mwaka 1956, na kitabu cha mwaka 1960 kilichouzwa dunia nzima, na sinema iliyofuata mwaka 1966. Mimi ninamkumbuka kwa jambo lingine. Bi. Adamson ninayemjua mimi ni mchoraji wa maua, naye ananidai.

Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu wetu alituchorea ua ubaoni: duara katikati, vitu vitano mfano wa maharagwe vikilizunguka, kijiti na majani mawili. Hilo ndilo lililokuwa waridi, ndilo alizeti, ndilo kila ua la duniani. Nje ya dirisha palikuwa na kichaka cha haibiskasi kilichochanua vizuri, lakini hakuna aliyetuambia tutazame nje. Mimi hata yale maharagwe yalinishinda, nikaamini sina kipawa. Nilikuwa kijana tayari nilipoingia Makumbusho ya Nairobi siku moja ya mvua, nikaziona picha za mama huyu. Nilisimama mbele yake mpaka nguo zikanikaukia mwilini.

Jina alilozaliwa nalo ni Friederike Victoria Gessner. Alizaliwa tarehe 20 Januari, 1910, mjini Troppau, uliokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Siku hizi mji huo unaitwa Opava, nao uko Jamhuri ya Cheki. Ujanani alisoma piano huko Vienna, akajaribu na kazi nyingine za mikono. Mume wake wa kwanza alikuwa Myahudi, na mambo ya Wanazi yalipozidi kutisha, mwaka 1937 bibi huyu alitangulia kuja Kenya kutazama kama wangeweza kuhamia huku. Melini akakutana na Peter Bally, Mswisi, mtaalamu wa mimea. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka 1938 akaolewa na Bally. Ni huyo Bally aliyempa jina la Joy.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Bally alizunguka nchini akikusanya mimea. Mshubiri mmoja mrefu kama mti umepewa jina lake, Aloe ballyi. Sasa, mmea ukikatwa na kubanwa katika karatasi ili ukauke, umbo hubaki kwa kiasi lakini rangi hukimbia. Ua jekundu huwa la kahawia. Kwa hiyo mtaalamu huhitaji mtu wa kulichora lingali bichi, upesi, kabla jua halijalinyausha. Bibi Joy, karibu miaka 28 na asiye mtaalamu wa mimea, akashika brashi na rangi za maji.

Kazi hiyo haina huruma. Mchoraji wa maua ya kupamba ukuta akizidisha petali moja, hakuna atakayemshtaki. Anayemchorea mtaalamu wa mimea hana ruhusa hiyo. Haibiskasi ya kawaida ina petali tano, na katikati hutoka mlingoti mmoja wenye chavua. Mshubiri hauna ua la duara hata kidogo, bali vijineli vingi vinavyoning'inia kwenye shina, vya chini vikifunguka kwanza. Alizeti ni mkusanyiko wa vijiua vingi mno juu ya sahani moja. Na bogenvilia, msomaji, hutudanganya sote: ile rangi tunayoisifu ni majani, na maua yenyewe ni vile vijirija vyeupe vilivyojificha ndani. Mtu anayeanza kuchora na ahesabu kwanza, kisha atazame ua kwa ubavu, maana duara likilazwa huwa kama kisahani. Penseli ije baadaye.

Picha zake zilitumiwa kupambia kitabu maarufu cha kilimo cha bustani katika Afrika Mashariki, na mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kikamtunukia medali ya dhahabu ya Grenfell. Wakati huo alikuwa ameshaachana na Bally na kuolewa, mwaka 1944, na George Adamson, bwana nyama wa upande wa kaskazini. Kisha serikali ya kikoloni ikamwajiri kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi, kazi iliyozaa kitabu mwaka 1967. Picha hizo zina watu wanaozisifu na wanaozitilia shaka. Kwa maoni yangu, jicho lililohesabu petali ndilo lililohesabu shanga.

Sitaki kumpaka asali. Alikuwa mkali, mwepesi wa hasira, na kuishi naye kulikuwa kugumu, kwa waume zake na kwa wafanyakazi wake pia. Tarehe 3 Januari, 1980, aliuawa kambini mwake Shaba, zikiwa zimesalia siku 17 atimize miaka 70. Kwanza ilisemwa kuwa ameuawa na simba. Baadaye ikajulikana kuwa ni mtu, na kijana aliyekuwa mfanyakazi wake akahukumiwa. Majivu yake yalipelekwa Meru, kwenye kaburi la Elsa, na hivyo simba akashinda maua hata kifoni.

Mimi nilirudi nyumbani siku ile ya mvua, nikachuma haibiskasi moja na kuiweka katika kikombe cha maji. Picha yangu ya kwanza ilikuwa mbovu sana. Lakini petali zilikuwa tano, na kila moja ilikuwa imeipanda jirani yake kwa ukingo mmoja, jambo ambalo nilikuwa sijaliona maisha yangu yote.