Johannes Kepler na Nyota Iliyolipuka

Johannes Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika mji mdogo wa Weil der Stadt, huko Ujerumani. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, tena alipokuwa mtoto alishikwa na ndui, nayo ikamdhoofisha macho maisha yake yote. Baba yake alikuwa askari wa mshahara. Akaenda vitani asirudi tena. Mwaka 1577 mama yake, Katharina, alimpandisha mahali pa juu usiku ili aone nyota yenye mkia, wala hakuisahau.

Katika chuo cha Tübingen alisoma elimu ya Mungu, kwa maana alitamani kuwa mchungaji wa Kilutheri. Lakini mwaka 1594, masomo yake yakiwa hayajakwisha, wakuu wake walimpeleka Graz kufundisha hesabu. Alihuzunika, kisha akatambua ya kuwa Mungu hutukuzwa hata kwa elimu ya nyota. Mwaka 1600 mtawala wa nchi ile akawafukuza wote waliokataa kuingia Kanisa la Roma. Kepler alikataa, akaiacha nyumba yake, akaenda Prague kwa Tycho Brahe wa Denmark, fundi mkuu wa kupima nyota. Tycho alipofariki mwaka 1601, Kaisari Rudolf II akamweka Kepler mahali pake.

Hata Oktoba 1604 ikavuma habari ya kuwa nyota mpya imetokea karibu na Mshtarii, Mirihi na Zohali. Mawingu yalifunika Prague, Kepler akangoja mpaka tarehe 17, ndipo alipoiona. Ilizipita nyota zote kwa mwangaza. Katika sayari ni Zuhura tu aliyeishinda. Watu wengi wakaogopa, na wapiga falaki wakatabiri vita na kuanguka kwa falme. Kepler hakuchukuliwa na maneno hayo. Muda wa mwaka mmoja aliipima hata ilipofifia, na mwaka 1606 akatoa kitabu juu yake. Akaonyesha ya kuwa haikusogea kati ya nyota nyingine. Basi iko mbali sana kupita mwezi na sayari. Kwa hiyo mbingu zile, ambazo wenye hekima wa kale walisema hazibadiliki kamwe, hubadilika.

Sababu yake haikujulikana siku zile, leo inajulikana. Moto wa nyota si moto wa kuni. Ndani yake hewa iitwayo hidrojeni hubanwa kwa nguvu na kugeuka kuwa heliamu, na hapo joto kuu hutoka. Uzito wa nyota huivuta ndani, na joto huisukuma nje. Mradi nguvu hizi mbili zinalingana, nyota husimama. Lakini akiba ikiisha, uzito hushinda. Kiini cha nyota kubwa sana huanguka ndani yake kwa kitambo kidogo sana, kisha nyota hulipuka. Nyota iliyo ndogo hubaki kama kaa la moto la kaboni na oksijeni, ukubwa wake kama dunia yetu. Kaa hilo likiwa na nyota mwenzi karibu, laweza kunyang'anya vitu vyake mpaka lizidiwe, liwake lote mara moja na kupasuka. Nyota ya Kepler ilikuwa ya namna hii ya pili. Ilikuwa imepasuka maelfu mengi ya miaka kabla Kepler hajazaliwa, ila nuru yake ilikuwa bado njiani. Tena milipuko ya namna hiyo ndiyo iliyotawanya chuma kingi ulimwenguni, hata hiki cha majembe yetu na cha damu yetu.

Kepler aliishi katika taabu nyingi. Mwaka 1611 mkewe na mwanawe mmoja walikufa. Mwaka 1612 akahamia Linz, na huko mchungaji wa kanisa lake mwenyewe akamzuia asikaribie Meza ya Bwana, kwa kuwa hakukubali kutia sahihi Kanuni ya Mapatano pasipo kubakiza neno. Aliomba rehema kwa wakuu wa kanisa, wasimpe. Wangemsifu kama angetia sahihi kwa mkono tu, lakini hakuweza kusema kwa mdomo lisilokuwamo moyoni. Wala hakuhamia kwa wengine kwa ajili ya cheo, alibaki Mlutheri. Mama yake aliposhtakiwa kuwa mchawi, mwana alisafiri akamtetea, hata akafunguliwa mwaka 1621, baada ya miezi 14 kifungoni.

Alifariki tarehe 15 Novemba 1630 huko Regensburg, alikokwenda kudai mshahara wake. Kaburi lake liliharibiwa na vita, wala halijulikani. Lakini kanuni zake tatu za mwendo wa sayari zingali zikifundishwa mashuleni. Ndugu walimu, tukumbuke ya kuwa huyu aliyefungiwa mlango wa Meza alikuwa shahidi mwaminifu, mbele ya nyota na mbele ya watu. Basi tusifanye haraka kumfukuza anayeuliza kwa moyo mnyofu.