Benedicto Kiwanuka: Jaji Mkuu aliyelipia hukumu yake kwa uhai

Asubuhi ya Septemba 21, mwaka 1972, watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu jijini Kampala, wakamtoa ofisini Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, na kutoweka naye. Hakuonekana tena, wala mwili wake haukupatikana.

Kiwanuka alizaliwa mwaka 1922 huko Buddu, katika eneo la Masaka. Baada ya kutumikia jeshi la kikoloni wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alifanya kazi ya ukalimani mahakamani. Kazi hiyo ilimpeleka kwenye sheria. Alisoma Basutoland, ambayo sasa ni Lesotho, kisha London, na mwaka 1956 akahitimu kuwa wakili.

Mwaka 1958 alichaguliwa kuongoza chama cha Democratic Party (DP). Chama hicho kilishinda uchaguzi wa mwaka 1961, na Machi 1, mwaka 1962 Kiwanuka akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo. Hata hivyo, mwezi Aprili alishindwa na muungano wa UPC na Kabaka Yekka, na uhuru ulipopatikana Oktoba 9, Milton Obote ndiye aliyekuwa madarakani.

Mwaka 1969 Serikali ya Obote ilimweka kizuizini. Idi Amin alipotwaa madaraka kwa nguvu Januari 1971, alimwachia huru, na katikati ya mwaka huo akamteua kuwa Jaji Mkuu, mzalendo wa kwanza kushika wadhifa huo.

Huenda Amin alitarajia shukrani. Alichopata ni jaji. Mapema Septemba 1972, mfanyabiashara mmoja Mwingereza aliyekamatwa na wanajeshi aliletwa mbele ya Kiwanuka. Jaji Mkuu aliamuru aachiwe, akieleza kuwa jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata na kumshikilia raia kwa namna hiyo.

Uamuzi huo ulitolewa katika kipindi kibaya. Waasia walikuwa wakifukuzwa nchini, na Septemba 17 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania kujaribu kumpindua Amin. Siku nne baadaye Kiwanuka alikamatwa. Serikali ilikana kuhusika, ikidai kuwa alitekwa na waasi.

Mahakama haina jeshi wala hazina. Nguvu yake yote imo katika utii wa wale wenye bunduki na fedha, na wanapokataa kutii, hukumu hubaki karatasi. Kiwanuka, aliyewahi kuonja kizuizi na kuongoza Serikali, aliijua hatari hiyo, lakini aliandika hukumu yake kama sheria ilivyotaka.

Tangu mwaka 2018, Mahakama ya Uganda imekuwa ikiandaa mhadhara wa kumbukumbu yake. Kaburi lake halijulikani.