Tumkumbuke Hayati Samora Machel, Muuguzi na Mpigania Uhuru
Hayati Samora Moisés Machel alizaliwa tarehe 29 Septemba 1933 huko Chilembene, Gaza. Alisomea uuguzi Lourenço Marques, ambako wauguzi Waafrika walilipwa chini ya Wazungu kwa kazi ileile. Mwaka 1963 alikimbilia Dar es Salaam, akajiunga na FRELIMO.

Vita vya ukombozi vilianzia kwetu Cabo Delgado, pale Chai, tarehe 25 Septemba 1964. Mwaka 1966 Samora akawa mkuu wa jeshi. Mei 1975 alivuka Ruvuma kurejea nyumbani. Juni akawa Rais, na Julai huduma za afya zikataifishwa ili maskini naye atibiwe.

Alifariki kwa ajali ya ndege huko Mbuzini, Afrika Kusini, tarehe 19 Oktoba 1986. Aliacha sindano akashika bunduki, lakini wagonjwa hakuwasahau. Tutamkumbuka daima.