Mwenye Heri Isidore Bakanja, Kijana Aliyesamehe

Wakatekumeni wapenzi, kila siku tunasali Baba Yetu, na katika sala hiyo tunamwomba Mungu atusamehe kama nasi tunavyowasamehe wenzetu. Maneno hayo ni mepesi kinywani, lakini ni mazito moyoni. Jirani amesogeza mpaka wa shamba la mihogo, au ndugu amekana deni lake mbele ya wazee: hapo ndipo sala ile inapotukwama kooni. Wengine husema kwamba kusamehe ni kazi ya mapadri na ya Wakristo wa zamani, si kazi ya mtu aliye bado mchanga katika imani. Sikilizeni basi habari za kijana mmoja wa nchi yetu ya Kongo.

Isidore Bakanja alizaliwa karibu na mwaka 1887 katika kijiji cha Bokendela, kwa Wamongo, upande wa Ekwateri. Siku zile nchi yetu ilikuwa mikononi mwa mfalme wa Ubelgiji, na makampuni yalitafuta mpira na pembe za ndovu kwa ukali mwingi. Kama vijana wa vijiji vyetu wanavyokwenda Lubumbashi kutafuta kazi, Bakanja naye aliwaacha wazazi wake akaenda Mbandaka, mji ulioitwa Coquilhatville wakati ule. Huko akawa msaidizi wa waashi.

Mbandaka ndipo alipoisikia Habari Njema kwa wamisionari Watrapisti. Akawa mkatekumeni kama ninyi, akajifunza sala na amri za Mungu. Tarehe 6 Mei 1906 alibatizwa. Alipewa rozari, na pia skapulari, yaani vipande viwili vidogo vya kitambaa ambavyo Mkristo huvivaa shingoni kuonyesha kwamba amejiweka chini ya ulinzi wa Bikira Maria. Bakanja hakuvivua tena. Kwake vilikuwa alama ya ubatizo wake mbele ya watu wote.

Baadaye alipata kazi ya nyumbani kwa mzungu mmoja wa kampuni, akahamia naye Ikili, penye shamba la mpira. Mahali pale hapakuwa na padri wala kanisa. Jioni, kazi ilipokwisha, Bakanja alisali rozari yake, na wenzake walipopenda kujua, aliwafundisha kidogo aliyofundishwa yeye. Wala hakuiacha kazi yake kwa ajili ya hayo, bali aliifanya vema.

Lakini msimamizi wa shamba, Mbelgiji aliyeitwa Van Cauter, aliwachukia wamisionari na dini yao. Alimkataza Bakanja asiwafundishe wenzake kusali, akamwamuru avue skapulari. Bakanja hakuivua, akapigwa. Siku nyingine, mwaka 1909, msimamizi alimwita tena kwa hasira, akaikata skapulari kutoka shingoni mwake na kuitupa. Akaamuru kijana alazwe chini, ashikwe mikono na miguu, apigwe kwa mjeledi wa ngozi ya tembo uliotiwa misumari. Mapigo yalipita mia moja. Mgongo wake ukawa jeraha moja kubwa. Kisha akafungwa minyororo na kuwekwa kizuizini.

Ikasikika kwamba mkaguzi wa kampuni, bwana Dörpinghaus, anakuja. Msimamizi aliogopa tendo lake lisionekane, akamwondosha Bakanja apelekwe mbali. Njiani kijana akajificha msituni, akajikokota hata alipofika kwa mkaguzi. Yule bwana alipoona majeraha yale alishtuka sana, akamlinda, akamchukua apate kutunzwa. Lakini majeraha yalikuwa yameoza, na dawa haikuweza kuyaponya.

Tazameni sasa namna alivyosamehe. Kwanza, hakuuficha ukweli. Alitaka mama yake, na hakimu, na padri wajue kwamba alikuwa anakufa kwa sababu ya kuwa Mkristo. Basi kusamehe si kusema uongo, wala si kuita ubaya wema. Aliyeonewa anaweza kwenda mbele ya wazee au mbele ya hakimu, akalieleza jambo lake lote, na hata hivyo asiwe na chuki moyoni.

Pili, mwezi wa Julai 1909 mapadri wawili walikuja kumtembelea, wakampa sakramenti, wakamhimiza amsamehe yule aliyempiga. Wakakuta ameshamsamehe. Aliwaeleza kwamba hana hasira juu yake, tena kwamba atakapofika mbinguni atamwombea sana. Ndugu zangu, fikirini neno hilo. Aliwaza mbingu, na katika kuiwaza hakumsahau adui yake.

Tarehe 15 Agosti 1909, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Bakanja alifariki dunia, rozari mkononi na skapulari shingoni. Tarehe 24 Aprili 1994, huko Roma, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mwenye heri.

Sasa hesabuni miaka. Tangu ubatizo wake hata kufa kwake ilipita miaka mitatu na miezi mitatu tu. Hakuwa padri, wala bruda, wala mwenye elimu kubwa. Alikuwa kijana wa kubeba matofali na mtumishi wa nyumbani. Alichofundishwa katika ukatekumeni kilimtosha, kwa maana alikishika. Basi mtu asiseme kwamba atajifunza kusamehe baada ya kubatizwa. Siku mtakapoinamisha vichwa vyenu kupokea maji ya ubatizo, mtamwomba Mungu awasamehe dhambi zote. Je, mtafika mbele yake na ugomvi wa mpaka wa shamba mkononi?

Kabla ya mafundisho ya juma lijalo, kila mmoja ajiulize nyumbani kwake:

1. Yuko nani ambaye simwamkii njiani?
2. Nimesema ukweli juu ya ugomvi wetu, au nimeongeza maneno?
3. Nimekwisha kumwombea, hata mara moja?

Kisha asali Baba Yetu polepole, akitaja jina la mtu huyo moyoni. Na kesho yake, wakikutana njiani, yeye awe wa kwanza kumwamkia.